Chagua jozi, si rangi: mwongozo kamili wa rangi za tovuti zinazosomeka na kila jicho

Kosa ni lile lile kila mara. Mtu anachagua kijani kizuri, anaweka maandishi meupe juu yake, anatazama kwenye kompyuta ya mezani ndani ya chumba chenye kivuli, anaridhika. Kisha mteja anaifungua tovuti hiyo kituoni saa saba mchana, kwenye simu aliyoipunguza mwanga ili chaji ifike jioni. Haoni kitu. Anafunga, na mwenye tovuti anabaki akijiuliza mbona hakuna anayebofya "Jiunge".

Wengi walioniuliza niliwajibu kwa maneno mawili: "ongeza kontrasti". Walirudi na kosa lile lile, na lawama ni yangu. Neno "ongeza" halisemi kiasi gani, wala kati ya nini na nini. Safari hii tutakwenda hatua kwa hatua tukiwa na mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: tovuti ya chama cha akiba na mikopo chenye rangi za kijani na njano.

## Andaa hivi kwanza

- Namba za rangi zote zinazotumika, zile zinazoanza na alama ya #. Usikisie kwa jicho. Kama unayo picha ya nembo tu, programu ya Colour Contrast Analyser ina kidonezi cha kunyonya rangi moja kwa moja kutoka kwenye skrini.
- Kikokotoo cha kontrasti. WebAIM Contrast Checker hufanya kazi ndani ya kivinjari. Colour Contrast Analyser husakinishwa kwenye Windows au Mac. Vyote ni bure.
- Chrome au Firefox kwenye kompyuta.
- Simu mbili, moja iwe ya bei nafuu. Simu ya kifahari pekee itakudanganya.
- Daftari au lahajedwali la kuandikia jozi za rangi na vipimo vyake.
- Ruhusa ya mwenye chama ya kugusa rangi. Ipate mapema. Nimeona kazi ya wiki nzima ikirudishwa nyuma kwa sababu mwenyekiti hakuambiwa kwamba kijani chake kitakolezwa.

## Vipimo vya kukariri

Kontrasti hapa ni tofauti ya mng'ao kati ya kilicho mbele na kilicho nyuma yake. Hupimwa kwa uwiano unaoanzia 1:1, yaani rangi ileile juu ya nyenzake, hadi 21:1, yaani nyeusi juu ya nyeupe.

Kanuni za kimataifa za WCAG zimeweka mipaka hii:

- Maandishi ya kawaida: angalau 4.5:1.
- Maandishi makubwa: angalau 3:1. Makubwa maana yake pikseli 24 kwenda juu, au kama pikseli 19 yakiwa ya herufi nene (bold).
- Mipaka ya visanduku, ikoni na alama nyingine zinazobeba maana: angalau 3:1.
- Kwa kiwango cha juu zaidi, AAA, maandishi ya kawaida yafike 7:1.

Hakuna kukadiria kwenda juu. Kijivu #777777 juu ya nyeupe hutoa 4.48. Kimeanguka. Kijivu #767676, ambacho jicho lako haliwezi kukitenga na kile cha kwanza, hutoa 4.54. Kimefaulu.

Kuna jambo moja la hesabu ambalo ukilielewa, nusu ya kazi imekwisha. Rangi za skrini huchanganywa kwa nyekundu, kijani na bluu, lakini jicho halizipi uzito sawa. Katika mng'ao, kijani huchangia 0.7152, nyekundu 0.2126, na bluu 0.0722 tu. Njano ni kijani na nyekundu kwa pamoja, kwa hiyo njano kamili juu ya nyeupe hutoa 1.07, karibu sawa na kuandika kwa chaki juu ya ukuta uliopakwa chokaa. Bluu kamili juu ya nyeupe hutoa 8.59.

Ndiyo maana hakuna rangi "inayosomeka" ikiwa peke yake. Kinachosomeka au kutosomeka ni jozi.

## Hatua ya 1: Orodhesha kazi za rangi

Usianze na "kijani, njano, kijivu". Anza na kazi: maandishi ya kawaida, maandishi madogo ya maelezo, kiungo, kitufe, kadi, mpaka wa kisanduku cha fomu, tangazo, ujumbe wa kosa, ujumbe wa mafanikio.

Mbele ya kila kazi andika namba mbili: rangi ya mbele na ya mandharinyuma. Tovuti ndogo kwa kawaida haizidi jozi kumi na tano. Ukifika arobaini, tatizo lako la kwanza ni wingi wa rangi. Punguza kabla hujaendelea.

Umefaulu ikiwa: kila mstari una namba mbili, hata ule wa maandishi hafifu yanayokaa ndani ya kisanduku kabla mtu hajaandika. Hayo nayo ni maandishi. Nayo yanadaiwa 4.5.

## Hatua ya 2: Pima zilizopo kabla ya kubadili chochote

Ingiza kila jozi kwenye kikokotoo na uandike matokeo. Tovuti ya chama chetu ilitoa haya:

- Maandishi meupe juu ya kitufe cha kijani #4CAF50: 2.78. Imeanguka.
- Kichwa cha njano #FFC107 juu ya nyeupe: 1.63. Imeanguka vibaya.
- Maelezo ya kijivu #999999 juu ya nyeupe: 2.85. Imeanguka.
- Maandishi #212121 juu ya nyeupe: 16.1. Imefaulu kwa mbali.

Kijani kile cha #4CAF50 utakikuta kila mahali, kwenye vitufe na vichwa vya kurasa, na karibu kila mara kimebebeshwa maandishi meupe. Kukiona kwenye tovuti nyingine si ushahidi kwamba kinafaa.

Tahadhari: ukiona neno opacity (kiasi cha kufifisha) kwenye CSS, yaani msimbo unaopanga mwonekano wa tovuti, usipime namba iliyoandikwa, pima rangi inayoonekana. Maandishi #212121 yaliyopunguzwa hadi asilimia 50 juu ya nyeupe hushuka kutoka 16.1 hadi 3.19, na namba yake kwenye msimbo inabaki ileile.

## Hatua ya 3: Sogeza mng'ao, acha jina la rangi

Hapa ndipo watu hukata tamaa wakidhani wanalazimishwa kuwa na tovuti nyeusi na nyeupe. Sivyo. Chama kinabaki na kijani chake, unakikoleza tu.

Kwenye Chrome, bofya maandishi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua zana za wasanidi, kisha bofya kimraba cha rangi kilicho mbele ya neno color. Utaona uwiano wa kontrasti. Ukiupanua, mistari inajichora juu ya rangi kuonyesha pale ambapo 4.5 na 7 zinaanza. Buruta kidoti hadi kivuke mstari. Ukitaka kukoleza kitufe badala ya maandishi, rekebisha mandharinyuma yake hatua kwa hatua huku ukipima upya.

Kwa chama chetu:

- Kitufe kilitoka #4CAF50 kikawa #2E7D32. Maandishi meupe juu yake: 5.13.
- Viungo vilichukua kijani kizito zaidi, #1B5E20: 7.87 juu ya nyeupe.
- Njano haikuguswa. Ilibadilishiwa kazi. Badala ya kuwa rangi ya maandishi ikawa mandharinyuma ya tangazo, na maandishi #212121 juu yake yakatoa 9.88.

Hilo la mwisho ndilo jibu la njano na chungwa karibu siku zote. Usizikoleze hadi zigeuke matope. Ziweke nyuma, maandishi meusi yakae mbele. Hata kijani #1B5E20 juu ya njano ileile hutoa 4.83, kwa hiyo rangi za chama zinaweza kukaa pamoja na bado zikasomeka. Lakini #2E7D32 juu ya njano hiyo hutoa 3.15: inafaa kichwa kikubwa, aya haifai.

Tahadhari: usiamini kipimo cha "wepesi" kwenye mfumo wa HSL, ule wa kuandika rangi kwa aina yake, ukolevu na wepesi. Bluu kamili na njano kamili zote zina wepesi wa asilimia 50 katika mfumo huo, na tumekwisha ona zinavyopishana juu ya nyeupe.

## Hatua ya 4: Kamata kijivu

Kijivu ndicho mwizi mkuu, kwa sababu huonekana cha heshima.

Mtego wake ni huu. Unachagua #767676, unakipima juu ya nyeupe, kinatoa 4.54, unafurahi. Baadaye unaweka maelezo yaleyale ndani ya kadi yenye mandharinyuma #F5F5F5, weupe ambao hata hukuuhesabu kuwa rangi. Uwiano unashuka hadi 4.17. Umeanguka bila kubadili maandishi.

Tumia #595959. Juu ya nyeupe kinatoa 7.0, juu ya kadi ile 6.42. Una akiba ya kutosha hata mtu akibadili kadi kesho bila kukuambia.

Umefaulu ikiwa: kila kijivu cha maandishi kimepimwa juu ya mandharinyuma iliyo nzito kuliko zote inazoweza kukutana nazo.

## Hatua ya 5: Mipaka na alama

Kisanduku cha fomu chenye mpaka #CCCCCC juu ya nyeupe kina 1.61. Juani, fomu nzima inakuwa karatasi tupu. Tumia #8A8A8A: 3.45 juu ya nyeupe, 3.17 juu ya #F5F5F5.

Bonyeza Tab mara kadhaa kwenye ukurasa. Kila ukisimama lazima uone mahali ulipo. Ukikuta outline: none kwenye CSS, amri inayoficha mstari wa kuonyesha ulipo, ifute au weka mstari mwingine wenye angalau 3:1. Wapo wasiotumia kipanya kabisa.

Nembo yenyewe na vitufe vilivyozimwa vimesamehewa na kanuni. Msamaha wa vitufe vilivyozimwa mimi siupendi. Mtu asiyeweza kusoma kitufe kilichozimwa hawezi kujua ni nini anachokikosa.

## Hatua ya 6: Usiiache rangi ifanye kazi peke yake

Hatua hii ndiyo iliyoniaibisha, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Miaka kadhaa nyuma nilitengeneza ukurasa wa mikopo kwa ajili ya chama kimoja. Jina la aliyelipa liliandikwa kwa kijani #2E7D32, la anayedaiwa kwa nyekundu #D32F2F. Nilikuwa nimepima. Kijani 5.13, nyekundu 4.98. Vyote vilifaulu juu ya nyeupe, nami nikakabidhi kazi kifua mbele.

Mweka hazina akanipigia. Mzee wa watu, mstaarabu. "Kijana, shikamoo sikudai, lakini niambie: hii orodha yako mbona yote ya kahawia? Nani analipa na nani hajalipa?"

Nikadhani ni simu yake. Haikuwa simu. Ni miongoni mwa wanaume wasiotenganisha vizuri nyekundu na kijani, na umri wote huo hakuwahi kuambiwa. Nikaenda kupima kile ambacho sikuwa nimekipima: nyekundu yangu dhidi ya kijani changu. Uwiano ulikuwa 1.03. Ukiondoa jina la rangi, ni rangi moja.

Hali hii hurithiwa kupitia kromosomu X, ndiyo maana huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake. Miongoni mwa wenye asili ya Ulaya ya kaskazini hukadiriwa mwanamume 1 kati ya 12 na mwanamke 1 kati ya 200. Afrika kiwango kwa jumla ni cha chini kuliko hicho, lakini chama chenye wanaume mia mbili hakiwezi kudhani hakina hata mmoja. Na kama mweka hazina wangu, mwenyewe anaweza asijue.

Dawa si kutafuta nyekundu nyingine. Dawa ni kuongeza shahidi wa pili:

1. Andika neno. "Amelipa", "Anadaiwa". Neno hushinda rangi yoyote.
2. Ongeza umbo. Tiki kwa aliyelipa, alama ya mshangao kwa anayedaiwa. Duara la kijani na duara jekundu bado ni maduara mawili.
3. Viungo vipigiwe mstari. Kijani #1B5E20 dhidi ya maandishi #212121 kina 2.05 tu, kwa hiyo ndani ya aya kiungo hakijitengi kwa rangi pekee. Rudisha mstari ulioufuta kwa ajili ya urembo.
4. Kosa kwenye fomu lielezwe. Mpaka mwekundu hautoshi. Andika chini ya kisanduku: "Namba ya simu imepungua tarakimu moja."
5. Grafu zipewe majina. Andika jina juu ya mstari wenyewe, au tumia mistari ya nukta na vipande, badala ya kumtuma msomaji kwenye kisanduku cha rangi kilicho pembeni.

Umefaulu ikiwa: ukichapisha ukurasa kwa wino mweusi tu, hakuna habari inayopotea.

## Hatua ya 7: Maandishi juu ya picha

Picha ya wanachama wakiwa mkutanoni, maneno meupe juu yake. Kwenye kanzu nyeupe na anga, maneno yanayeyuka. Vikokotoo vya kawaida havikusaidii hapa, maana picha haina namba moja ya rangi.

Weka pazia jeusi kati ya picha na maneno, na upime kwa hali mbaya kabisa, yaani mahali picha ilipo nyeupe pepe. Pazia la asilimia 50 hugeuza nyeupe kuwa kijivu cha katikati, na maandishi meupe hupata kama 3.95 hivi. Hayatoshi kwa aya. Pazia la asilimia 60 huigeuza nyeupe kuwa #666666, na maandishi hupata 5.74 hata picha ikibadilishwa kila wiki.

Mwenye picha akilalamika kwamba imefifia, maneno yatoke kwenye picha yakae chini yake. Mara nyingi hilo ndilo bora zaidi.

## Hatua ya 8: Mandhari meusi si kugeuza tu

Wengi wenye ualbino wana uoni hafifu na macho yao huumizwa na mwanga mkali. Ukurasa mweupe unaong'aa huwachosha haraka. Mandhari meusi ni huduma kwao. Lakini jozi zako za mchana hazihamii usiku zilivyo.

Kitufe #2E7D32 kilichokupa 5.13, rangi yake ikitumika kama maandishi juu ya #121212, inatoa 3.65. Usiku unahitaji kijani chepesi: #81C784 juu ya #121212 hutoa zaidi ya 9. Kwa maandishi ya kawaida tumia #E0E0E0, ambayo juu ya weusi huo hutoa kama 14. Nyeupe pepe juu ya nyeusi tititi huonekana kama inatawanyika kwa baadhi ya watu wenye astigmatizimu, kasoro ya umbo la jicho inayotia ukungu.

Kwenye CSS, sharti la prefers-color-scheme litachagua mandhari kulingana na simu ya msomaji. Na kama huna muda wa kupima jozi zote upya, afadhali usiweke mandhari meusi kabisa kuliko kuyaweka nusu.

## Hatua ya 9: Fungia jozi kwenye msimbo

Namba za rangi zikitapakaa kwenye faili kumi, mwezi ujao mtu ataongeza kijani cha kumi na moja. Zipe majina ya kazi, mahali pamoja:

```
:root {
  --maandishi: #212121;
  --maandishi-madogo: #595959;
  --mandhari: #FFFFFF;
  --kadi: #F5F5F5;
  --kitufe: #2E7D32;
  --kitufe-maandishi: #FFFFFF;
  --kiungo: #1B5E20;
  --tangazo: #FFC107;
  --mpaka: #8A8A8A;
  --kosa: #D32F2F;
}
```

Angalia majina: hakuna "kijani" wala "njano". Siku chama kikibadili rangi, jina --kitufe litabaki kweli. Rangi ya kosa hapo juu inatoa 4.57 ndani ya kadi. Imepita kwa kucha, kwa hiyo usiweke kadi nzito zaidi bila kupima.

## Hatua ya 10: Jaribu kwa macho yasiyo yako

Fanya majaribio haya kwa mpangilio huu, la rahisi likitangulia:

1. Lighthouse, zana ya ukaguzi iliyomo ndani ya Chrome. Itakuonyesha jozi zilizoanguka. Ikisema alama 100, usishangilie: haipimi vizuri maandishi juu ya picha, wala haijui kama nyekundu yako ndiyo shahidi pekee.
2. Uigaji wa macho. Kwenye zana za Chrome fungua kichupo cha Rendering, shuka hadi sehemu ya kuiga matatizo ya kuona. Chagua deuteranopia na protanopia, aina mbili za kutotenganisha nyekundu na kijani, kisha uoni wenye ukungu, ambao ndio ulio karibu na wa mtu mwenye mtoto wa jicho.
3. Simu bila rangi. Kwenye iPhone na Android, mipangilio ya ufikivu ina njia ya kugeuza skrini iwe ya kijivu. Geuza, kisha fanya kazi halisi: ingia, tafuta mkopo, jaza fomu.
4. Jua. Chukua ile simu ya bei nafuu, punguza mwanga hadi nusu, toka nje saa sita mchana. Soma aya moja na ubofye kitufe kimoja.
5. Mtu mzima. Mwombe mzee akusomee ukurasa kwa sauti bila miwani ya kusomea. Usimsaidie. Pale anaposogeza simu mbali na uso, andika.

Jaribio la nne litakufaa tena siku ya kukabidhi kazi, maana mwenyekiti atasema kijani cha zamani kilikuwa kinavutia zaidi. Usibishane naye ofisini na usimtajie 4.5. Fungua matoleo yote mawili kwenye simu yake mwenyewe, mtoke nje, umwombe asome namba ya simu ya chama kwenye kila moja.